Kandambili ya Kushoto ya Mtunza Mizani

29 Shaabani

Inatangazwa kwa heshima na taadhima, kwa wakazi wote thelathini na wanane wa chombo Gasing, kwa jamaa zao walioko Java, na kwa mbingu zilizo juu yetu, chini yetu na ubavuni mwetu, kwamba leo saa nne na dakika kumi asubuhi kandambili ya kushoto ya Bwana Wagiman imepatikana. Ilipotea miezi minne iliyopita. Imekutwa nyuma ya tangi namba tatu, ikiwa hai, ila imekonda. Uzito wake ni gramu mia mbili na kumi na mbili. Nimeuandika daftarini, nikasukuma maji ya kiasi hicho upande wa pili, dunia isije ikapinduka.

Ndiyo kazi yangu. Gasing ni gurudumu linalojizungusha angani mara tatu kwa dakika, kama pia ya watoto, kichezeo tunachokiita gasing, kilicholipa jina, na mzunguko huo ndio unaotubana sakafuni tukapata uzito, theluthi hivi ya ule wa nyumbani. Pia hiyo ikizunguka vizuri utadhani imelala. Ikielemewa vibaya huanza kutikisa kichwa. Kwa hiyo kila kinachoingia humu nakipima, nakiandika, na najua kinalala wapi. Ukingoni kuna matangi manane. Uzito ukizidi huku, nasukuma maji kule. Jina langu Wagiman, ila watu wananiita Pak Kilo, yaani Bwana Kilo. Nina miaka hamsini na minne, hakuna anayenizidi umri humu ndani isipokuwa goti langu la kulia.

Nilimwonyesha kandambili Bu Ning, yaani Bibi Ning, mpishi wetu. Hakuinua macho kwenye vitunguu.

"Alhamdulillahi. Sasa utatoka chumbani kama binadamu, Pak. Mtu anayepita korido na soksi zenye matundu hatumwiti fundi, tunamwita mgonjwa."

1 Ramadhani

Kipimo cha kuyumba: tatu. Tatu hakuna anayeihisi. Kikifika kumi na tano, meli ya kutoka chini haiwezi kuunganika na kitovu chetu. Inageuza, inarudi, na haiji tena mpaka ipite miezi mitatu.

Orodha ya wanaokwenda nyumbani Idi imebandikwa mlangoni mwa jikoni. Meli itafika tarehe 29 na ina viti kumi na viwili. Bu Ning ni wa pili. Mama yake, kule Kudus, ana miaka tisini na mmoja, na Idi mbili zimepita mwanawe hajapiga magoti kuweka kichwa mapajani mwake na kuomba radhi.

Mimi ni wa kumi na tatu. Nimempigia mke wangu Suparti kumwarifu. Amenipa pole kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuzoea kulala katikati ya kitanda.

2 Ramadhani

Kwa kuwa nina kandambili mbili, nimekwenda matembezini. Mwaka jana nilikuwa nalala mpaka adhana. Alasiri ikiiva, wasio na zamu wote hutoka kungoja magharibi kwa miguu, kama tunavyofanya nyumbani, katika korido ya madirisha iliyo pembeni kabisa mwa gurudumu. Leo tulikuwa thelathini na mmoja. Mzunguko mmoja ni mita mia na themanini na tisa, na mbele hakuna kona ya kumkwepa mtu anayekudai hadithi.

Ukitembea kinyume cha mzunguko wa chombo unakuwa mwepesi kidogo, ukiufuata unakuwa mzito. Nikasema kwa mzaha kwamba malaika watamkata nusu ya thawabu yule anayefunga huku akijipunguzia kilo. Watu wakacheka. Pak Jamhari, mtunza bustani ambaye pia ndiye imamu wetu, hakucheka. Baada ya tarawehe akasimama.

"Pak Wagiman katania," akasema, "lakini ndani ya utani mna mbegu. Kwa nini tujirahisishie?"

Kwa hiyo kuanzia kesho umma mzima utatembea upande mzito. Nimeshakuwa mwanachuoni.

3 Ramadhani

Kipimo nne. Futari: kolak ya ndizi, tui zito, sukari ya mnazi. Goti linalalamika.

5 Ramadhani

Sita. Nimesukuma maji kutoka tangi la pili kwenda la sita. Hayakusaidia kitu. Goti limenifundisha mwendo wake, taratibu kama bibi harusi, nami nimeukubali.

7 Ramadhani

Tisa. Kuna bomba la mafuta mazito linalozunguka gurudumu zima, kazi yake kumeza kuyumba kidogokidogo, na linafanya kazi: asubuhi kipimo kinakuwa kimeshuka. Lakini jioni kinapanda zaidi ya kilivyoshuka. Ni kama kutoa maji mtumbwini kwa kikombe huku mtu akiyarudisha kwa ndoo.

Nimepima upya magodoro.

9 Ramadhani

Nimepima upya vitabu, mazulia ya kusalia, na Pak Jamhari.

"Nimepungua?" akauliza.

"Umeongezeka kilo moja na nusu."

"Katika mwezi wa kufunga? Mizani yako haina dini, Pak."

10 Ramadhani

Kumi na mbili. Nimeshuku udongo wa bustani; pengine Pak Jamhari anamwagilia upande mmoja. Nimeshinda nimeinama kati ya michicha nikichoma udongo kwa kijiti, na yeye yuko nyuma yangu anatikisa kichwa kwa huruma, kama anayemtazama mkwewe akitafuta kazi. Udongo uko sawa. Nikamwomba radhi. Akanipa pilipili tatu za kufuturia.

12 Ramadhani

Kumi na nne. Chai ndani ya kikombe inazunguka pole pole peke yake. Kamanda Siregar ameniita. Yeye ni Mbatak, Mkristo, hafungi wala hatembei nasi, na anaongea kama watu wake wanavyoongea, yaani moja kwa moja mlangoni.

"Pak Wagiman. Nini kinakiyumbisha chombo changu?"

Nikaanza kueleza kwamba, kwa upande mmoja, tukizingatia hali, na bila kumlaumu yeyote...

"Wewe bwana! Unaizunguka nyumba kutafuta mlango ambao umesimama mbele yake. Unajua au hujui?"

"Bado, Pak."

"Hilo ni jibu. Kuna uzito ambao haumo daftarini kwako. Utafute. Wako watu kumi na wawili wanaotaka kuwaona mama zao."

Nimetoka nikiwa nimenyooka. Ukiambiwa na mkubwa kitu cha kutafuta, kwetu mtu haulizi kama kipo. Anakitafuta tu.

13 Ramadhani

Leo kuna mengi.

Ulimi ndio uliogundua. Wakati wa daku nilikuwa nakula wali na sambal, pilipili yetu ya kusaga, nikakumbuka kwamba sambal ya humu, mwaka wangu wa kwanza, ilikuwa laini kama rangi ya ukuta, kwa sababu inasagwa na mashine. Hii haikuwa laini. Ilikuwa na ngozi za pilipili, chembe za chumvi, kitunguu kilichopondwa kikabaki na heshima yake. Sambal hiyo haikutoka kwenye mashine. Na nimekuwa nikiila mwaka mzima, nikisifu.

Asubuhi nilikwenda jikoni na mizani yangu. Bu Ning alikuwa anaosha mchele.

"Bu, naomba kutazama chini ya kabati."

"Chini ya kabati pana nini, Pak, zaidi ya sakafu?"

"Ndilo nataka kujua."

Akafunga maji. Hakusogea, wala hakunizuia. Nilipiga magoti, la kulia likalia kama bawaba, nikaingiza mkono nyuma ya magunia nikagusa kitu cha baridi. Kinu cha jiwe. Jiwe jeusi la mlima wa volkeno, kipana kama beseni dogo, na mchi wake. Nikakivuta. Hata kwa theluthi ya uzito kilikuwa kizito. Mizani ikasema kilo kumi na moja na gramu mia nne.

"Umekipandishaje?" nikauliza.

"Kwa uongo. Siku ile goti lilikulaza; nilisema ni dawa ya miguu, hawakupima."

"Bu Ning!"

"Kilikuwa cha mama. Na kabla yake cha mama yake." Akafuta mikono kwenye kanga ya kiunoni. "Pak, wewe unaweza kula sambal ya mashine Idi mbili mfululizo? Usijibu. Nimekuona unavyolamba kijiko."

Nikamwambia kisheria lazima niripoti. Akasema anajua. Akaniuliza kama kweli kinu ndicho kinachoyumbisha chombo chenye watu thelathini na wanane. Nikajibu, "Inaonekana hivyo, Bu." Alikaa juu ya gunia la mchele.

Nimeripoti. Adhabu imeandikwa tangu chombo kilipojengwa: aliyeficha uzito hapandi meli inayofuata. Kamanda amelifuta jina lake kwa mstari mmoja. Wa tatu akawa wa pili, wa nne wa tatu, na mimi, kwa ngazi hiyohiyo, nikawa wa kumi na mbili.

Goti limevimba kwa ile kupiga magoti. Leo sikutembea.

14 Ramadhani

Kinu kimewekwa katikati, kitovuni, ambako hakuna kinachoelemea. Kipimo: kumi. Kimeshuka nne kwa siku moja. Nimelala, goti limefungwa kitambaa.

15 Ramadhani

Saba. Kamanda amenipigia kunipongeza. Suparti naye nimempigia. Amesema atapaka rangi sebule, kisha akauliza nakaa siku ngapi.

16 Ramadhani

Tano. Sambal imerudi kuwa rangi ya ukuta. Bu Ning ananipakulia kwa adabu kamili, kwa mikono miwili, anasema "tafadhali, Pak". Nilikuwa sijui kwamba adabu inaweza kuwa ya baridi hivyo. Zamani alikuwa ananitupia sahani.

17 Ramadhani

Goti limepoa. Nimetembea. Watu wamefurahi kuniona. Tumetembea taratibu, kundi zima, na kuzungumza habari za nyumbani.

18 Ramadhani

Saba.

19 Ramadhani

Kumi. Kamanda hakuzunguka nyumba. "Mpishi ameficha kingine," akasema.

Tumekipekua chumba cha Bu Ning, mimi nikiwa na daftari. Tumetoa godoro, tumetoa sanduku, tumekunjua nguo moja moja, na kila moja nimeipima mbele yake. Shali mpya kwenye karatasi yake: gramu mia moja na themanini. "Ya mama," akasema, bila kuulizwa. Picha, kitana, chupa ya mafuta ya mkaratusi. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa. Hakuna kilichozidi hata kwa gramu tano.

"Basi, Bu. Samahani," nikasema.

"Pima na hili," akasema, akavua kishikizo cha nywele.

Nilikipima. Najua, ningeweza kukataa. Gramu tisa.

20 Ramadhani

Kipimo cha asubuhi: kumi na mbili.

Sasa niandike polepole. Jioni, katika mzunguko wa kumi au kumi na moja, kamba ya kandambili yangu ya kushoto ilichomoka. Nikainama kuirudisha. Inahitaji subira, ile kamba, ilikaa nyuma ya tangi miezi minne na ikasahau tundu lake. Nilipoinuka nikahisi kimya kisicho cha kawaida, nikageuka.

Watu thelathini walikuwa wamesimama nyuma yangu. Wamebanana kama mpunga wa mganda mmoja, mikono mbele, wanatabasamu.

"Mnangoja nini?" nikauliza.

"Hakuna, Pak. Endelea tu taratibu," akasema Pak Jamhari, aliyekuwa mbele yao.

"Si mpite?"

Wakatazamana kana kwamba nimewaambia wapande mabegani mwangu.

"Tukupite wewe, Pak?" akasema binti wa mawasiliano. "Mama angenipiga kutoka Solo."

Nikacheka. Nikaendelea. Hatua mbili mbele nikaacha kucheka.

Nilitazama saa, nikamaliza mzunguko mmoja. Dakika tatu na sekunde nane. Nikamaliza wa pili. Dakika tatu, sekunde nane. Goti lina nidhamu kuliko mwenye goti.

Kila chombo kinachozunguka, kikisukumwa kidogo, kina muda wake wa kutikisa kichwa, kama bembea ilivyo na muda wake wa kwenda na kurudi. Wa Gasing naujua kama jina la baba yangu, uko ukurasa wa kwanza wa daftari langu: dakika tatu na sekunde nane. Mtoto akiwa kwenye bembea, huhitaji nguvu; msukume kwa kidole, lakini kila mara kwa wakati wake, baada ya muda atagusa majani ya mti. Watu thelathini na mmoja, kilo elfu mbili, tumebanana pembeni mwa gurudumu, tukiufuata mzunguko na si kinyume chake, kwa mwendo wa goti moja, mara kumi na tano kila jioni. Wangetembea kila mtu kwa mwendo wake wangetawanyika korido nzima, wangesawazishana, na chombo kisingejua kama wapo. Au wangetembea upande mwepesi, ule niliouharamisha kwa mzaha.

Na siku nne ambazo kipimo kilishuka ni siku ambazo sikutembea.

Kinu, tena! Kinu ni jiwe lililotulia. Kitu kilichotulia hakiongezi kuyumba kila siku. Tangi moja la maji lingekimaliza kwa nusu saa. Hilo anajua hata mwanafunzi. Nilikuwa nalijua tarehe 13, nikiwa nimepiga magoti.

21 Ramadhani

Goti, nimesema, limerudi kuuma. Sikutembea. Wenzangu wametembea kila mtu kwa mwendo wake. Tisa.

22 Ramadhani

Saba. Sikutembea.

Ni jambo rahisi sana. Nikibaki kitandani, kipimo kitashuka chenyewe, meli itaunganika, watu kumi na wawili watapanda, na hakuna atakayeuliza. Wa kumi na mbili ni mimi. Hakuna uongo wowote nitakaokuwa nimesema, isipokuwa wa goti, nalo limezoea kusingiziwa.

23 Ramadhani

Sita. Watu wamekuja kumtazama mgonjwa. Pak Jamhari ameleta pilipili. Baadaye mlango umegongwa mara mbili, Bu Ning akaingia na bakuli la uji wa mchele na ile chupa yake ya mafuta ya mkaratusi.

"Jipake asubuhi na jioni," akasema. "Usisugue kwa nguvu."

Nikashukuru. Akaweka bakuli mezani, akalisogeza, akalirudisha.

"Pak, nilitaka kusema kabla ya Idi. Mimi ndiye niliyekosa. Watu wote hawa, na mimi kwa ajili ya pilipili... Nimekuwa nafikiri, kama kingevunjika kitu. Kama mtu angeumia." Akainamisha kichwa. "Naomba unisamehe, ya nje na ya ndani."

Hapo mdomo wangu ulikuwa wazi. Nakumbuka kwa sababu ulikauka.

"Tumesameheana, Bu," nikasema.

Akatoka. Uji uliganda. Wakati wa futari nikala tende tu.

24 Ramadhani

Tano.

25 Ramadhani

Nne. Kamanda anasema meli imethibitisha. Suparti anauliza kijani au krimu. Nimesema krimu.

26 Ramadhani

Nne. Nimejaribu kufunga mkoba. Mtunza mizani haruhusiwi kuzidisha kilo ishirini. Nimeupima: kumi na tisa na nusu. Nimeufungua tena, bila sababu.

27 Ramadhani

Asubuhi nimekwenda kwa Kamanda Siregar na kandambili miguuni, nikasema bila kuizunguka nyumba: "Si kinu. Ni mimi."

Akanitazama. "Wewe umeficha nini?"

"Goti."

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo ambalo nilistahili: "Ujava wenu utaniua. Thibitisha."

Kwa hiyo jioni ya leo, kwa amri, tumeyumbisha chombo makusudi. Kamanda mwenyewe alisimama kando ya dirisha akiwa na kipimo mkononi. Nilitangulia, umma ukanifuata kwa adabu. Mzunguko wa kwanza, wa tano, wa kumi. Kutoka nne kikapanda tano, kikagusa sita.

"Simameni!" akasema Kamanda. "Sasa mpiteni."

Hakuna aliyesogea.

"Nimesema mpiteni mzee huyu!"

"Pak Kamanda," akasema Pak Jamhari kwa upole, "tunaomba tufanye kwa utaratibu."

Utaratibu ulikuwa huu: nilisimama ukutani, na watu thelathini wakanipita mmoja mmoja, kila mmoja ameinama, mkono wa kulia umeshuka karibu na sakafu, anasema "niwie radhi, Pak", nami najibu "pita, pita". Binti wa mawasiliano alilia kidogo. Ilichukua dakika kumi na mbili. Kamanda alikuwa ameegemea dirisha, ameziba uso kwa kiganja, mabega yanatikisika. Sijui alikuwa analia au anacheka. Baada ya hapo wakatawanyika korido nzima, wenye miguu mirefu mbele, wanene nyuma, wengine upande mwepesi maana Pak Jamhari ameiondoa fatwa yangu. Mpaka adhana ilipopigwa kipimo kilikuwa kimerudi nne.

Bu Ning alikuwa wa mwisho kupita. Hakuinama sana.

"Kumbe ulikuwa wewe," akasema.

"Ndiyo, Bu."

"Na umegundua lini?"

Nyuma yake Kamanda alikuwa anaandika. "Asubuhi," nikasema.

28 Ramadhani

Kuhusu kinu, Kamanda amesema kosa la kuficha lipo palepale, lakini halikumdhuru mtu, na aliyelipekua amekosa zaidi. Jina la Bu Ning limerudi mahali pake, la pili. La kumi na mbili limerudi kuwa la kumi na tatu. Kinu kimeandikwa daftarini, kipo halali, na hakiwezi kurudi chini kwa sababu mkoba wa mpishi umejaa.

Suparti ameshapaka rangi. Amesema haidhuru, krimu inang'aa hata pasipo mtu.

29 Ramadhani

Kipimo tatu. Meli imeunganika saa tano, haikutikisika hata kidogo. Bu Ning amepita kitovuni akielea, amevaa shali ya mama yake mabegani, kwa kuogopa isikunjike. Amenikabidhi kinu.

"Ukitaka sambal, Pak Kilo, saga mwenyewe."

1 Shawali

Idi. Nimesali, nimekula ketupat, ule wali wa kupikwa ndani ya majani, nimesamehe na kusamehewa na watu ishirini na watano, wengine mara mbili.

Ripoti rasmi imeshakwenda chini na nimeitia sahihi. Inasema: kuyumba kulisababishwa na mwendo wa pamoja wa watu katika korido ya madirisha; kuligunduliwa na mtunza mizani tarehe 27 Ramadhani; hatua zilichukuliwa papo hapo. Kila mstari una namba yake.

Ilivyokuwa hasa ni hivi. Nilipata kandambili tarehe 29 Shaabani na kwa sababu hiyo nikaanza kutembea. Nilisema mzaha tarehe 2 na nikafurahi kwamba umechukuliwa kwa uzito. Tarehe 13 nilikuta kinu nikajua, katika ile sehemu ya kichwa inayojua bila kuulizwa, kwamba jiwe halifanyi hivyo, lakini mkubwa alikuwa ameniambia nitafute uzito nami nilikuwa nimeupata, na jina langu lilikuwa la kumi na tatu. Tarehe 20 nilijua yote. Tarehe 23 mwanamke asiye na kosa lile aliniomba msamaha nikampa. Nilisema tarehe 27. Kati ya kujua na kusema zilipita siku saba, na hakuna goti lililonizuia. Kilichonizuia ni kiti, na sebule ya krimu.

Hayo sikumwambia Kamanda. Leo mchana Bu Ning amepiga simu ya video kutoka Kudus. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watoto, na kikongwe mdogo kitini, shali mpya kichwani, anamuuliza mtu kama huyo ndiye bwana wa mizani. Bu Ning akasema maneno ya Idi, nisamehe ya nje na ya ndani. Nilikuwa nimeyaandaa ya kujibu, yale yale ya kila mwaka.

"Bu," nikasema badala yake, "sikugundua tarehe 27. Nilijua tangu 20. Ulipoleta uji nilikuwa najua."

Simu kutoka chini huchelewa kidogo, hata ukiongea habari za hali ya hewa. Nilihesabu kuchelewa kwa kawaida, kisha nikahesabu kilichozidi. Watoto walikuwa wanapiga kelele. Alikuwa ananitazama, au alikuwa anatazama kioo cha simu.

"Kinu hakioshwi kwa sabuni," akasema mwishowe. "Sabuni inaingia kwenye jiwe, haitoki. Maji matupu."

Kisha akasema mama anamwita, akakata.

Sijui kama huo ni msamaha. Kipimo kiko tatu. Nimesaga pilipili za Pak Jamhari na chumvi na kitunguu, vibaya, nimejirushia jichoni, nimekula na wali peke yangu, na kinu nimekiosha kwa maji matupu.